Sabato ya Jumatano

Nikilala kwa binti yangu kule Suneka, mjukuu wangu Kerubo huniwashia dawa ya mbu kila jioni. Ni ile ya kijani iliyojiviringa kama nyoka aliyelala. Unachoma ncha yake, nayo inafuka moshi mwembamba hadi asubuhi. Kerubo ni mtoto mdogo wa shule, na anaamini kazi ya moshi ule ni kufukuza mbu tu. Sijamwambia kwamba mimi moshi huo hunirudisha mlimani kwetu, juu ya Ekerenyo, mbele ya mikeka ya mkonge iliyojaa maua ya pareto, na baba yangu amekaa kivulini amevaa koti jeusi la kanisani katikati ya wiki.

Wenzangu wa rika langu waliokulia upande ule hawahitaji kuelezwa harufu hiyo. Chai ilikuwa bado ngeni kwetu, miche yake haijavuka magoti, na wazee waliitazama kwa mashaka. Pareto, ile inayotengenezewa dawa ya mbu, ndiyo iliyotuvalisha sare za shule. Tulichuma yale maua meupe yenye jicho la manjano, tukayaanika, tukayageuza, na jua lilipokuwa kali yalitoa harufu kavu, chungu kidogo, inayokaa kooni. Ukichuma kutwa nzima midomo ilikufa ganzi. Kaka yangu Makori alikuwa na mchezo wake: analamba kidole, anangoja ulimi uwe mzito, kisha anajaribu kutamka jina la mwalimu mkuu. Nilikuwa nacheka mpaka kikapu kinaniponyoka.

Baba yetu tulimwita Tata, kama watoto wote wa Kigusii wanavyomwita baba, na yeye akiwa na furaha alituita sisi wanawe "tata" vilevile. Ndivyo mzazi wa kwetu anavyombembeleza mtoto, anampa jina lake mwenyewe la heshima. Wanakijiji walimwita Baba Makori. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato bondeni, na alikuwa na sauti ya besi ambayo ukikaa benchi moja naye uliisikia kwenye mbao kabla haijafika masikioni.

Katika mambo ya Sabato hakuwa na mchezo. Ijumaa, jua likianza kuinama upande wa ziwa, kuni zilikuwa zimepasuliwa, mitungi imejaa maji, viatu vimepakwa rangi na chakula cha kesho kimepikwa. Jua likizama, hata kisu kilipumzika. Siku moja ndama wa jirani aliingia kwenye mahindi yetu wakati wa Sabato. Tata akamtoa kwa maneno matupu, akimsihi kama mgeni, kwa sababu kushika fimbo ya kuchungia aliona ni kazi. Watu walicheka, lakini kwa heshima. Mtu akitaka kuhakikisha kwamba jambo fulani linaruhusiwa siku ya Sabato alikuja kumuuliza Baba Makori, naye mara nyingi alijibu kwamba haliruhusiwi.

Sasa mwaka ule mvua ya masika ilikataa kuacha. Maua yalifunguka yote kwa pamoja, yakawa yanaanza kuwa kahawia kwenye mashina, na hapakuwa na jua la kuyaanikia. Tata alisimama mlangoni kila asubuhi akilitazama shamba jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa. Kisha Jumamosi moja kulikucha kweupe, jua limetoka kana kwamba halijawahi kukosekana. Tulikuwa tumeshavaa. Tata akamwambia Mama atangulie kanisani na mimi. Yeye na Makori wangekuja nyuma kidogo. Makori akanikonyeza.

Mimi nilielewa vibaya ule ukonyezaji. Makori alikuwa anakaribia mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na nilijua Tata alikuwa amemwahidi kitu. Nikawa na hakika wanabaki ili ampe zawadi bila mimi kuona. Nilinuna njia nzima. Mama alinishika mkono nikauvuta. Kanisani sikuimba hata wimbo mmoja.

Mchana, tukiwa katika mafundisho, wingu moja lilipita juu ya kilima chetu. Halikuwa kubwa. Radi ilipiga mara moja tu, mhubiri akanyamaza, akatazama bati, akaendelea. Kwetu radi si hadithi ya kutishia watoto. Kila ukoo una mtu wake aliyepigwa nayo. Mama alikuwa ameinuka kabla mtu yeyote hajafika mlangoni, na mpaka leo sijui ni nini kilichomwinua.

Tulikutana na Tata njiani amembeba Makori mikononi, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, haina viatu. Sweta ya Makori ilikuwa imejaa maua ya pareto yaliyonasa kwenye sufi, mengi, meupe. Shamba letu la upande wa kijito halionekani kutoka barabarani. Kila aliyekuwa pale aliyaona yale maua. Kila mmoja alijua mtu hapitii shamba la kijito akienda kanisani.

Waumini walilia na sisi, wakachimba kaburi, wakaleta unga na ndizi. Hakuna aliyemlaumu Tata, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumsamehe. Mama alikaa jikoni na ile sweta magotini, akachomoa ua moja baada ya jingine, akayatupa motoni. Moshi ulijaa nyumba. Nilipiga chafya, nikapiga tena, nikaona haya kupiga chafya msibani. Huo ndio moshi ambao Kerubo huniwashia bila kujua.

Kwa muda baada ya mazishi Tata alikuwa kama watu wote waliofiwa. Kisha siku moja tukigeuza maua mikekani aliniuliza mwalimu wetu anapoandika tarehe ubaoni anaitoa wapi. Nikasema anaitoa kwenye kalenda ya ofisini. Kalenda nayo? Nikasema kutoka dukani. Akatikisa kichwa taratibu, akiyapitisha maua kwenye vidole.

"Mzungu wa kwanza aliyetuletea Sabato alitoka ziwani kwa miguu," akasema. "Njiani aliugua homa. Mtu mwenye homa hajui amelala siku moja au nne. Alipofika hapa, babu zako walikuwa hawana majina ya siku. Walingoja yeye awaambie. Akawaambia. Sasa niambie, tata, kama alikosea, nani angemsahihisha?"

"Mwalimu angemsahihisha."

"Mwalimu alifundishwa na nani?"

Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefanya kazi na watu wenye digrii, na bado sina jibu. Sijui kama huyo Mzungu aliugua kweli. Lakini katika hoja ile hapakuwa na pengo lolote la kupenyeza kidole. Nilipokuwa mtoto nilidhani mwenda wazimu ni yule anayeongea maneno yasiyoshikana, kama mwanamke aliyekuwa akizurura sokoni Ekerenyo amejifunga makopo. Maneno ya Tata yalishikana kuliko ya mtu yeyote niliyemjua.

Alihesabu kwa njia yake akapata kwamba Sabato ya kweli huangukia siku ambayo sisi tunaiita Jumatano. Jumamosi iliyofuata alichukua jembe, akaenda kulima kishamba cha kando ya barabara, mahali ambapo watu wote hupita wakishuka kanisani na nguo zao safi. Walimsalimia kwa shida. Wanawake wawili, wenye midomo yao, waliamua kufanya mzaha.

"Baba Makori, leo umechelewa au umewahi?"

"Mimi nimefika," akasema bila kuinua kichwa. "Ninyi ndio mko njiani."

Walicheka mpaka mtoni. Jibu lile lilirudiwa kijiji kizima, na kwa wiki chache watu bado walidhani ni hasira ya msiba, itapita.

Nyumbani kwetu kukawa na Sabato mbili. Mama hakubishana. Jumanne alipika chakula cha Jumatano, Ijumaa akapika chakula cha Jumamosi, akala kilichopoa mara mbili kwa wiki. Jumatano mimi nilikwenda shule, kwa kuwa Mama alisema hilo haligeuki, na Tata hakunikataza. Aliniangalia tu nikiondoka na mkoba, jinsi alivyokuwa akiwaangalia watoto wa watu wasioamini. Yeye alivaa koti jeusi, akakaa kwenye kiti kivulini mwa nyumba, akafungua kitabu cha nyimbo na kuimba.

Aliimba besi yake tu. Sijui kama msomaji ameshawahi kuisikia besi ya wimbo wa kanisani peke yake, bila sauti nyingine. Haina sura ya wimbo. Inapanda kidogo, inashuka, inakaa mahali pamoja muda mrefu, kisha inanyamaza. Tata alinyamaza kila mahali ambapo wanawake waliimba peke yao, akangoja kwa subira mpaka wamalize, halafu akaingia kwa wakati wake. Sauti zao alizisikia. Mimi nilipotoka shule nikamkuta katikati ya kungoja kwake nilisimama nyuma ya migomba nikangoja pia. Jumatano moja nilishindwa kuvumilia kile kimya. Niliimba sauti ya kwanza, palepale kwenye migomba. Hakugeuka. Alipomaliza ubeti alifunga kitabu, akasema, "Ahsante, tata."

Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Imenichukua uzee kuelewa alichokuwa anatafuta. Tata hakuwa na shida na kalenda ya dunia. Alikuwa na shida na siku moja. Kama siku ile ya jua haikuwa Sabato, basi hakuivunja Sabato, na mwanawe alikufa siku ya kawaida, kazini, kama mtu yeyote anavyoweza kufa. Ili kuitoa Jumamosi moja kutoka mkononi mwa Mungu ilimbidi azisogeze Jumamosi zote tangu siku ile wamisionari walipofika. Akazisogeza. Ni kazi kubwa kwa mtu mmoja, na aliifanya kwa akili yake yote.

Lakini alikuwa hajafika mwisho. Nataka hili lieleweke, maana ndilo linaloniuma. Ijumaa moja nilimkuta akilipiga brashi koti lake, Ijumaa ya kwetu sote. Akamuuliza Mama, kama mtu anayeuliza habari za mbali, "Nikienda kesho, watanikalisha wapi?"

"Palepale ulipokaa siku zote," Mama akasema.

Kulipokucha alivaa, akashuka na sisi mpaka langoni. Mama alikuwa amejaa matumaini, nauona mpaka sasa ule mkono wake kwenye upindo wa leso. Pale langoni Tata akasimama. Akalitazama shamba la upande wa kijito, ambalo halionekani kutoka hapo.

"Nikienda, nitakuwa nimekubali," akasema.

"Utakuwa umekubali nini?"

Tata akageuka. Akarudi, akavua koti, akachukua jembe. Hata hivyo Mama aliniambia tukiwa njiani kwamba ameshafika langoni, na mtu aliyefika langoni anaweza kufika barabarani. Alikuwa anamhesabia hatua kama mtoto anayejifunza kutembea.

Baba mkubwa Ombati, kaka yake Tata, hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu mwenye sauti ya mnadani hata akikuomba chumvi. Alikuja jioni moja, akakaa jikoni, akamwambia Mama kwamba watu wanaanza kuogopa kuoa kwetu. Mama akasema mumewe hamdhuru mtu, ana wazo lake tu. Baba mkubwa akacheka, cheko lisilo na furaha.

"Mtu akiwa na wazo peke yake, huyo ni mgonjwa," akasema. "Wangekuwa wawili ningewaita kanisa."

Mimi nilikuwa pembeni nikimenya viazi. Yeye alisema kwa uchungu na dhihaka, lakini mimi nililichukua kama sheria. Nililiweka akilini kama nilivyoweka hesabu za mwalimu: mmoja, mgonjwa, wawili, kanisa. Kumbe dawa ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe Tata alikuwa anapungukiwa na mtu mmoja tu.

Walikuja Jumatano. Baba mkubwa alikuwa amenikataza kwenda shule siku hiyo, akasema nitahitajika kushika mbuzi. Hapakuwa na mbuzi. Alikuja na mzee mmoja wa ukoo na mzee wa kanisa aitwaye Barongo, rafiki wa Tata tangu ujana wao, aliyekuwa akiimba sauti ya tatu huku Tata akiimba besi. Baba mkubwa alikuwa na gunia kwapani. Niliona ncha ya kamba. Tata naye aliiona, nina hakika, kwa sababu aliliangalia lile gunia mara moja, halafu hakuliangalia tena.

Walizungumza muda mrefu, kwa upole, kwa kupokezana. Walimwambia kuna hospitali Nairobi ya watu waliochoka kichwa. Walimwambia Mama amechoka. Tata alisikiliza akiwa na kitabu cha nyimbo magotini. Mwishowe akasema hawezi kuchukua neno lao juu ya siku, kwa kuwa kila mmoja wao ameazima siku zake kwa mtu mwingine. Kisha akaniita. Nikasimama mbele yake.

"Huyu hajawahi kunidanganya," akawaambia. Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na jicho lake moja lilikuwa linachezacheza. "Tata, leo ni siku gani? Ukiniambia ni Jumatano, nitavua hili koti sasa hivi mbele yao. Jumamosi nitashuka kanisani na mama yako. Nitakaa watakaponikalisha."

Pale uani wote walinigeukia. Mama alikuwa mlangoni.

Nilijua ni Jumatano. Jana yake ilikuwa Jumanne, tulikuwa na hesabu za mafumbo, nilichapwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nililitazama gunia, nikamtazama Baba mkubwa, nikakumbuka sheria yake. Nilifikiri, wataona sasa. Nikisema kama yeye tutakuwa wawili, na watakunja kamba yao waende.

"Leo ni Sabato, Tata," nikasema.

Nilitegemea atabasamu. Aliniangalia kwa muda, kama mtu aliyenyoosha mkono apewe maji akapewa kikombe kitupu na bado hajaelewa ni kitupu. Kisha jicho lile lililokuwa likichezacheza likatulia. Likatulia kabisa. Tangu siku hiyo sikuliona likicheza tena.

"Basi," akasema. "Mmesikia."

Mama alitoa sauti ndogo, akaingia ndani. Baba mkubwa alisema sasa hata mtoto amekwisha, akafungua gunia.

"Kufunga fundo ni kazi, ndugu yangu," Tata akamwambia. "Ngoja jua lizame."

"Leo ni Jumatano!"

Barongo, aliyekuwa amesimama tayari kusaidia, akakaa tena kwenye benchi. "Tungoje," akasema.

"Tungoje nini? Na wewe pia?"

"Mimi najua leo ni siku gani," Barongo akasema. "Tungoje."

Wakangoja. Bado sijui kama ilikuwa heshima, au aibu, au waliogopa kuwa watu wa kwanza kumvunjia Sabato yake mtu ambaye hajawahi kumzuia mwingine kuitunza yake. Mama alileta viazi vitamu na mboga ya chinsaga, vyote vimepoa, vimepikwa jana yake. Walikula polepole. Alasiri ikawa ndefu. Wakati fulani Tata akaanza wimbo kwa besi yake, na alipofika kwenye ubeti wa pili Barongo, macho chini, akaingia na sauti yake ya tatu. Wakaimba hivyo, chini na katikati, juu hakuna mtu. Mimi ningeweza kuimba. Nilikuwa nimeketi karibu na mkeka wa pareto, mdomo umekufa ganzi, na sikuwa nimechuma ua hata moja.

Watu watatu wenye akili timamu waliitunza Sabato ya mgonjwa mpaka jua likazama upande wa ziwa. Kisha Tata akasimama, akakunja mikono ya koti vizuri ili isichafuke, akamnyooshea kaka yake viganja.

"Kaza," akamwambia. "Fundo lako siku zote hulegea. Ndiyo maana ng'ombe wako hupotea."

Baba mkubwa akacheka, halafu akashindwa kufunga. Barongo ndiye aliyefunga.

Alikaa Nairobi muda wa kutosha kwa shamba la kijito kugeuka pori. Aliporudi alikuwa mnene, mtulivu, mikono ikitetemeka. Mama alimshika mkono Jumamosi wakashuka kanisani, naye akakaa palepale pa siku zote. Hakuimba. Alishika kitabu, akafungua ukurasa sahihi, akakitazama hadi wimbo ukaisha. Watu walishukuru kwamba amepona. Walikuwa na haki ya kushukuru, kwa sababu alilima siku za kulima na kupumzika siku za kupumzika, na ukimwangalia kutoka barabarani usingemtofautisha na mtu yeyote.

Lakini kila jioni aliniuliza, "Leo ni siku gani?" Nilimjibu. Naye alisema, "Kama unavyosema." Ndiyo hiyo tu. Hapakuwa na ubishi wala hasira ndani yake. Nilipokuwa sekondari, nimerudi likizo, kijana mwenye kiburi cha bweni, nilichoka na swali hilo, na siku moja nikamjibu makusudi siku isiyo sahihi nione atasemaje. Akasema, "Kama unavyosema." Niliondoka haraka. Hilo nalo ni langu, na silitafutii udhuru wa utoto, maana sikuwa tena mtoto.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa na miaka mingi kabla ya hapo ya kumwambia kwamba siku ile nilijua ni Jumatano. Sikumwambia. Kwanza niliogopa, baadaye nikajidanganya kwamba amesahau, mwishowe nikajiambia kwamba nikimwambia ukweli nitamvuruga alikotulia. Madaktari walisema akili yake ilivunjika kwa msiba, na sibishani nao. Huenda ingevunjika hata bila mimi. Ninachokijua ni kwamba siku ile uani alikuwa kama mtu aliyesimama bado langoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na aliomba mtu mmoja amwambie neno moja la kawaida. Alimchagua aliyempenda zaidi. Kupenda kukanifanya niseme lile lingine.

Mama aliishi sana baada yake. Alinishtaki mara moja tu, na si kwa maneno mengi. Tulikuwa tunasafisha makaburi, la Tata na la Makori, yaliyo pamoja chini ya migomba, na nikasema Tata alikuwa anaumwa tangu mapema. Aliacha kung'oa majani akanitazama. Kisha akasema, "Alifika langoni." Akaendelea kung'oa.

Tangu nistaafu siku zinanichanganya. Hakuna ofisi inayonisubiri, hakuna kengele. Jioni ya juzi, hapo Suneka, Kerubo alikuwa ameshawasha dawa ya mbu na kuiweka chini ya dirisha, moshi ukawa unapanda. Nilidhani ameondoka. Nikasema kwa sauti, jinsi nilivyozoea kusema nikiwa peke yangu na moshi ule, neno nililopaswa kulisema uani kwetu.

"Leo ni Jumatano, Tata."

"Babu," Kerubo akasema kutoka mlangoni, bila woga, akiwa na kiberiti mkononi. "Leo ni Alhamisi."

Nilimwita karibu. Nikamwomba arudie. Akarudia, akashangaa kwa nini nimeshika mkono wake, nami nikamwambia ahsante, nikamuuliza na kesho je, akaniambia kesho ni Ijumaa.